Tathmini ya QCX: transiva ya kujiundia inayokuonyesha ilipougua

Kwa miezi minane sasa transiva ndogo ya QCX, yaani redio inayopokea na kurusha, imekaa juu ya meza yangu hapa Tabata, na katika muda huo nimeiunda, nimeiunguza, nimeitengeneza na nimeitumia kuwasiliana kwa Morse (alfabeti ya milio mifupi na mirefu) na wenzetu wa Italia, India na Afrika Kusini. Ninaiandika tathmini hii kwa ajili ya wapenzi wa redio wa Dar es Salaam wanaotamani kuunda redio kwa mikono yao lakini wanahofia kwamba ikigoma kufanya kazi watakosa vyombo vya kuichunguza. Hofu hiyo ina msingi, kwa maana osiloskopu, chombo kinachochora umbo la mawimbi ya umeme, ni ghali na wengi wetu tuna mita ya kawaida tu, ileile anayobeba fundi umeme wa mtaani. Kilichonifanya niithamini QCX kuliko vifurushi vingine vyote vya vipande vya redio nilivyowahi kuviunda ni kwamba vyombo vya kuipima vimo ndani yake yenyewe.

QCX ilibuniwa na Hans Summers, mwenye ishara ya mwito (jina lake la hewani) G0UPL, kwa ajili ya vijana waliokutana kambini Gilwell Park, Uingereza, mwezi Agosti 2017, na baadaye mwaka huohuo kampuni yake ya QRP Labs ikaanza kuiuza kwa dola 49 za Marekani. Mwaka 2020 zilifuata QCX+, yenye bodi pana zaidi, na QCX-mini, ambayo sehemu zake nyingi ndogondogo huja zikiwa zimekwisha kulehemiwa. Saketi ya msingi ni ileile, hivyo mengi ya hapa yanazihusu zote tatu. Yangu ni ile ya awali, ya bendi (fungu la masafa ya redio) ya mita 20, niliyouziwa na rafiki wa Arusha aliyekuwa ameiweka kabatini bila kuifungua. Kila kifurushi ni cha bendi moja, huwasiliana kwa Morse pekee, na nguvu yake huwa kati ya wati 3 na 5 kulingana na volti unazoilisha. Kabla ya kurusha chochote hewani ni lazima uwe na leseni ya redio ya ridhaa kutoka Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na ishara ya mwito inayoanza na 5H.

Mwongozo wa kuunda una kurasa zaidi ya 100, nao una mchoro wa bodi kwa kila hatua, kiasi kwamba mtu mwenye subira hapotei. Chipu mbili ambazo miguu yake imebanana sana, yaani Si5351A inayozalisha masafa na FST3253 inayoyachanganya, huja zikiwa tayari zimelehemiwa, na hilo ni jambo la shukrani kwa mtu wa umri wangu ambaye macho yameanza kuomba msaada wa lenzi. Zilizobaki ni rezista, kapasita na transista za kawaida zenye miguu mirefu. Kasoro moja ni kwamba mwongozo wote ni wa Kiingereza cha kiufundi. Niliunda pamoja na mpwa wangu aliyesomea umeme VETA Chang'ombe, na jioni nyingi tulisoma aya kwa aya huku tukitafuta namna ya kuambizana kwa Kiswahili kabla ya kushika pasi ya kulehemu.

Kazi ngumu kuliko zote ni ile pete inayoitwa T1. Hii ni pete ya unga wa chuma inayosukwa nyuzi nne za waya wa shaba wenye vanishi, tatu fupi na moja ndefu, zote zikizunguka upande mmoja. Uzi mmoja mfupi unapokea mawimbi kutoka kwenye antena, ule mrefu pamoja na kapasita ya kurekebisha huchagua masafa, na nyuzi mbili zilizosalia hupeleka mawimbi kwenye FST3253 zikiwa zimepishana nusu mzunguko. Ukigeuza mwelekeo wa uzi mmoja, au ukichomeka ncha kwenye tundu lisilo lake, redio itawaka na skrini itaandika vizuri, lakini haitasikia kitu. Mtu aliyewahi kukaa na mafundi wa kusuka mota ataielewa kazi hii haraka kuliko mhitimu wa nadharia, kwa kuwa mkono wake tayari unajua kuvuta waya bila kuulegeza wala kuuchubua.

Yetu iliwaka siku ya kwanza na haikusikia kitu. Hapo ndipo QCX ilipoonyesha ubora wake. Ndani ya menyu yake kuna hatua za urekebishaji ambamo redio inatengeneza ishara yake yenyewe, inaipitisha kwenye mlango wa kupokelea, kisha inapima kilichofika mwisho na kukichora kwenye skrini kama mstari unaorefuka na kufupika. Unageuza skrubu ya kapasita kwa bisibisi ndogo hadi mstari urefuke kadiri iwezekanavyo, halafu unageuza rezista za kurekebisha hadi mstari unaoonyesha mawimbi yasiyotakiwa ufupike kabisa. Sisi tuligeuza skrubu mzunguko mzima na mstari haukutikisika hata kidogo. Kwa jibu hilo moja tulijua kwamba kasoro iko kati ya mlango wa antena na hatua ya kwanza ya kuchanganya masafa, wala haiko kwenye spika, programu au skrini, na hatukuwa na sababu ya kuigusa nusu nyingine ya bodi.

Tulichukua mita, tukaiweka kwenye omu, tukapima uzi mmoja baada ya mwingine. Nyuzi tatu zilisoma karibu na sifuri. Wa nne ulikuwa wazi kabisa. Mpwa wangu aliinamisha taa, akatazama ncha kwa lenzi, akasema, "Mjomba, vanishi haijaungua hapa. Risasi imeuzunguka waya tu, haijaushika." Ndivyo ilivyokuwa: tone la risasi lilikuwa limekaa linang'aa kama lehemu njema, lakini katikati yake waya ulikuwa bado na rangi yake ya kahawia. Tuliyeyusha, tukakwangua ncha kwa wembe hadi shaba ikawa ya waridi, tukaipaka risasi kwanza, kisha tukairudisha. Mstari ulipanda mara moja. Kosa lilikuwa letu, na mwongozo ulikuwa umelionya mapema. Ninalieleza kwa urefu kwa sababu ndilo linalowapata wengi, na kwa sababu tulilipata kwa mita ya kawaida.

Jambo moja zaidi kuhusu T1: kama mstari unafika kilele pale tu skrubu inapokuwa mwisho wa mzunguko wake, fahamu kwamba hujafikia kilele cha kweli. Huenda ukahitaji kupunguza au kuongeza mzunguko wa uzi mrefu.

Upande wa kurusha ni mwepesi kueleweka. Transista tatu za BS170, kila moja ndogo kuliko punje ya haragwe, zimefungwa sambamba na zinafanya kazi kwa daraja E, mtindo ambao transista huwaka na kuzima wakati volti ikiwa karibu na sifuri, kwa hiyo nguvu kidogo sana hupotea kama joto. Kabla ya kuunganisha antena tulitengeneza mzigo wa majaribio, unaokaa mahali pa antena, kwa rezista 20 za kilo-omu 1 na robo wati, tukazifunga sambamba kati ya vipande viwili vya bati: jumla ni omu 50 na uwezo wa wati 5, na zote zilipatikana Kariakoo kwa bei ya soda mbili. Kipima nguvu kilichomo ndani ya redio kilisoma wati 1.8 kwa volti 12. Tulizitawanya kidogo nyuzi za pete za kichujio cha kutokea, moja baada ya nyingine, huku tukiangalia skrini, hadi kipimo kikafika wati 2.9. Bila kipima nguvu hicho tungebaki tunabahatisha.

Mwezi Julai niliiunguza. Upepo wa kusi ulikuwa umeutikisa waya wa antena kwenye mwembe siku kadhaa, na kiungo kilichokuwa kimeshaliwa na kutu kikakatika bila mimi kujua. Nikaita CQ, mwito wa kumtafuta yeyote anayesikia, kwa dakika moja, nikasikia harufu, na fyuzi ya ampea 1 niliyoiweka kwenye waya wa betri ikakatika. Fyuzi haimo kwenye kifurushi, nami ninamsihi kila muundaji aiweke, kwa kuwa naamini ndiyo iliyoinusuru transista inayoruhusu umeme kufika kwenye zile BS170. Redio hii haina kinga dhidi ya antena mbovu; huo ndio upungufu wake mkubwa kwa mtazamo wangu, hasa kwa mji kama wetu ambao chumvi ya hewani hula viungo vya shaba upesi. Siku hizi viungo vyangu vyote vimepakwa grisi na kufungwa kwa mpira wa tairi la ndani.

Kutafuta BS170 za kubadilisha zilizoungua, huko Kariakoo, kulinifunza jambo linalopaswa kujulikana na kila mtu anayetengeneza redio hii mjini hapa. Katika duka la kwanza muuzaji alinipa transista tatu na kuniambia, "Fundi, chukua hizi, ni zilezile." Niliposoma maandishi kwa lenzi nikakuta ni 2N7000. Zinafanana kwa umbo, lakini miguu yao imepangwa kinyume: kwenye BS170, ubapa ukikutazama, mguu uitwao drein uko kushoto na ule uitwao sosi uko kulia, ilhali kwenye 2N7000 sosi iko kushoto na drein kulia. Ukiichomeka 2N7000 kama mchoro wa bodi unavyoelekeza, diodi (njia ya umeme ya upande mmoja) iliyomo ndani yake itapitisha umeme moja kwa moja na utaunguza zaidi ya ulichokuja kutengeneza. Hata ukiigeuza, yenyewe hubeba miliampea 200 tu kwa mfululizo, wakati BS170 hubeba 500. Kwa hiyo nenda na mita mfukoni, iweke kwenye alama ya diodi, na umwombe muuzaji ruhusa ya kupima palepale dukani: ncha nyekundu kulia na nyeusi kushoto, BS170 itasoma takriban nusu volti. Duka la tatu lilikuwa na zile halisi, kwenye droo yenye lebo iliyoandikwa kwa mkono.

Hewani, QCX inasikia vizuri kuliko bei yake. Antena yangu ni waya wa mita 10 uliogawanywa katikati, kutoka kona ya paa hadi mwembe, na umeme unatoka kwenye betri ya pikipiki ya volti 12. Kuanzia saa kumi na moja jioni bendi ya mita 20 hufunguka kuelekea kaskazini, nami husimama karibu na megahezi 14.060, mahali wanapokutana watumiaji wa nguvu ndogo. Kichujio cha kupokelea kina upana wa hezi 200 tu, hivyo kituo unachokitaka kinasimama peke yake kikilia kama filimbi, na majirani zake wananyamaza. Mgeni wa Morse huenda akaona ni chembamba mno, kwa sababu ukikosea masafa kidogo humsikii mtu aliyeko jirani kabisa. Siku nisiyopata jibu, hutazama mtandao wa Reverse Beacon, ambao vituo vyake husikiliza vyenyewe na kuandika kila mwito vinaounasa, na mara nyingi nimeona ishara yangu imenaswa Ulaya kwa wati zisizofika 3.

Adui wa kweli hapa mjini ni kelele. Taa za LED za bei rahisi, chaja za simu zisizo na kichujio na inveta za majirani hujaza bendi mkoromo usiokoma, na hakuna ufundi ndani ya QCX unaoweza kuufuta. Jioni umeme unapokatika mtaani ndipo ninaposikia vituo vya mbali kuliko siku nyingine zote, kwa kuwa betri yangu inaendelea kufanya kazi na mtaa mzima umenyamaza.

Ninampendekezea QCX mtu anayejua Morse au aliye tayari kujifunza, mwenye mkono uliokwisha kulehemu vitu viwili vitatu, na mwenye jioni kumi za utulivu. Anayetaka kuzungumza kwa sauti atafute redio nyingine. Gharama ya usafirishaji ifikiriwe mapema, na ni vyema kuagiza BS170 sita za akiba ndani ya mzigo huohuo. Mpwa wangu anasubiri leseni yake na ameshaagiza QCX-mini ya mita 40; safari hii tumekubaliana kwamba kila ncha itakwanguliwa kwa wembe na kupimwa kwa mita kabla pete haijakaa kwenye bodi.