Uzoefu wangu: siku 11 wodini na mama

Mwaka 2022 mama alivunjika nyonga, akalazwa katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Kila zamu iliyoingia ilituuliza upya: anaumwa nini, amekula, dawa ya mwisho kapewa saa ngapi. Tulirudi nyumbani na kidonda cha kulalia kilichochukua miezi minne kufunga. Kwa hiyo mwaka huu alipopata kiharusi, niliingia hospitali nyingine ya rufaa roho ikiwa juu.

Asubuhi ya kwanza, saa moja na nusu, wauguzi wa zamu ya usiku na wale wanaoingia walikuja wote hadi kitandani. Hawakumalizana mezani kwao. Wakaanza na mama mwenyewe: "Shikamoo mama, leo utakuwa na sisi." Mama kusikia anasikia, lakini kiharusi kilimshika upande wa kulia na kumfunga ulimi. Sista mmoja akamshika mkono wa kushoto. "Ukikubali nibane mara moja, mama. Ukikataa, mara mbili." Alama hiyo ikaandikwa kwenye faili, na karatasi ikabandikwa juu ya kitanda. Zamu ya mchana ikaitumia, ya usiku pia. Hata dada wa usafi alimshika mkono na kumuuliza kabla ya kusogeza kitanda chake.

Lililonigusa zaidi ni la kuoga. Nilikuwa nimejipanga kumwogesha mwenyewe, maana dada yangu alikuwa bado njiani. Kila nikishika kitambaa, mama anakaza mkono. Mimi nikadhani ni maumivu. Sista akaniomba nitoke kidogo, akamuuliza, na mama akabana mara mbili: hataki mwanawe wa kiume amvue nguo. Tangu siku hiyo wauguzi wa kike walimwogesha pazia likiwa limefungwa, mpaka dada alipofika. Mimi mtoto wake wa kumzaa sikuliona hilo.

Kabla ya kumpa uji walimkalisha wima na kumjaribu kwa kijiko cha maji kuona kama anameza, kwa sababu mgonjwa wa kiharusi chakula kinaweza kumwingia mapafuni. Walimgeuza kila baada ya saa mbili, na kila aliyemgeuza aliweka sahihi. Ukutani kuna bango la S tano, utaratibu wa Kijapani wa kupanga vitu na kuweka usafi mahali pa kazi, ulioanza kutumika hospitali ya rufaa Mbeya mwaka 2007, na niliona kazi yake: glavu na mashuka yalikuwa mahali pake, hakuna aliyehangaika kuyatafuta.

Nawapa nyota nne. Usiku wauguzi ni wawili kwa wodi nzima, na geuza ya saa tisa usiku ilichelewa mara mbili. Sikuwalaumu, niliwaona wakikimbia. Mwishoni mwa wiki hakuna mazoezi ya viungo, na kwa kiharusi siku mbili ni nyingi. Uongozi uongeze watu.

Siku ya kuruhusiwa, sista hakutupa karatasi tu. Alimwambia dada amlishe mama mbele yake, kisha amgeuze peke yake. Dada alikosea mara ya kwanza, akamvuta kwa mkono uliopooza. Sista akamwonyesha pa kushika, begani na nyongani, akarudia hadi ikakaa. Kisha akamgeukia mama, akamuuliza kama dada ameweza.

Mama akabana mkono mara moja.