Gobore langu jipya kutoka Lancaster, miezi 14 ya kusubiri

Nyumbani Tabora ukisema una gobore watu wanacheka, wanawaza lile la babu la kufukuzia ngedere, bomba limefungwa waya. Sasa hili nililotengenezewa huku Pennsylvania, Marekani, jamani ni habari nyingine kabisa. Mtutu una inchi 44, ukilisimamisha linanifika kidevuni, wife kaliona tu kasema baba Neema hii ni bunduki au upembo wa kuangulia maembe?

Mafundi wa Kijerumani waliohamia Lancaster miaka ya 1700 ndio walianza mtindo huu, walikuja na bunduki zao fupi nene za kuwindia, wakarefusha mtutu, wakapunguza tundu ili risasi na baruti zisiishe haraka porini. Fundi wangu kafuata hukohuko. Mbao ni mepo (mti wa huku, "maple") yenye mawimbi, rangi kaipaka kwa asidi iliyoyeyushia chuma halafu akapitisha moto, na ukiigeuza juani yale mawimbi yanatembea kabisa, mi nimekaa barazani nusu saa naigeuza tu kama mwehu. Kwenye kitako kuna kimfuniko cha shaba, ndani unaweka vitambaa vyenye mafuta vya kuvikia risasi ili ing'ang'anie mifereji ya ndani ya mtutu.

Ila hela yako inaenda kwenye mtambo wa gumegume, ule wa jiwe kugonga chuma litoe cheche ya kuwasha baruti, usidanganyike na nakshi. Mtambo mbovu unasikia ta, halafu fshh, halafu ndo bum, na paa keshaondoka zake. Huu ni mlio mmoja tu. Nimepiga risasi 20 kwa jiwe lilelile, imekataa mara moja, na hiyo kosa langu nilijaza kifa (kile kisahani cha baruti ya kuwashia) baruti kupita kiasi.

Kasoro zipo. Mdeki (kijiti cha kushindilia risasi) aliouweka ulikuwa na nyuzi za mbao zilizokatiza, siku ya pili nashindilia ukapasuka, bado kidogo unichome kiganja, kwa bei ile (ningeongezea kidogo tu napata IST) hapo kanikera. Kanitumia mwingine bure lakini. Halafu kusafisha, mh, baruti nyeusi inakula chuma, ukilala bila kuosha na maji ya moto asubuhi unakuta kutu.

Baada ya Krismasi huku kuna msimu wa swala wa gumegume tupu, za kisasa hawaruhusu. Wife alocheka upembo sasa hivi ananiulizia paja.