Skana ya OBD2 ya bei nafuu: uzoefu wangu na Fielder hapa Kisumu

Nimekaa na hii skana kwa muda sasa na nasema wazi, kama unaendesha hizi gari zetu za Japani (yangu ni Toyota Fielder) na mfuko ni wa kawaida, nunua. OBD2 ni ule mfumo wa gari kujipima yenyewe, na skana inasoma namba za makosa ambazo kompyuta ya gari imeweka. Yangu ni kale kadude kadogo ka Bluetooth kanakoitwa ELM327, nilikachukua kwa duka la spea hapa town kwa shilingi 1,200, na huku fundi mwenye mashini ya kupima gari anakuitisha 1,500 kila akichomeka yake hata kama ni dakika mbili tu.

Kutumia si kazi. Soketi iko chini ya usukani, ina pini 16, unachomeka, unaweka swichi ON, unaunganisha na simu (ikikuuliza namba ya siri jaribu 1234 ama 0000) halafu unafungua apu, mimi natumia Torque. Wenye iPhone tafuteni ya Wi-Fi ama ya Bluetooth LE, hii ya kwangu haishikani na iPhone.

Sasa niwaambie ilivyonisaidia. Nilikuwa natoka Kakamega, kufika Kiboswa kabla ya kuteremka Mamboleo taa ya injini ikawaka. Nguvu ya gari ilikuwa sawa, lakini nikisimama kwa jam ya Kondele injini inatetemeka. Fundi wa kwanza kuiona akasema ni oxygen sensa, ile inayopima oksijeni kwa moshi wa egzosi, nilete 8,000, na hakuwa amepima kitu. Nikachomeka yangu jioni nyumbani, ikatoa namba ya kosa P0171, yaani mchanganyiko wa injini una hewa nyingi mno na petroli kidogo. Na hapa ndipo watu wanaliwa pesa jamani, kwa sababu hiyo sensa ndiyo inayopiga ripoti, mara nyingi yenyewe haina makosa, ukiibadilisha ile mpya itakuja kupiga ripoti ile ile.

Kitu cha maana kwa hii skana si hata hiyo namba, ni zile takwimu unaona injini ikinguruma. Kuna moja inaitwa fueli trimu, inaonyesha kompyuta ya gari inaongeza petroli asilimia ngapi ama inapunguza ili mchanganyiko ukae sawa. Ikicheza karibu na sifuri, hata 5 juu ama 5 chini, hakuna maneno. Yangu gari ikiwa imesimama ilisoma +24, nikikanyaga hadi mizunguko 2,500 kwa dakika inashuka mpaka +5. Hiyo tofauti ndiyo jibu lenyewe. Kama ni pampu ya petroli imechoka ama filta imeziba, trimu ingekuwa afadhali imesimama na kuharibika ukikanyaga. Yangu ilikuwa kinyume, maana yake kuna hewa inaingia kwa njia za panya bila kupita kwa sensa ya hewa, na injini ikivuta hewa kidogo hiyo ya wizi inaonekana kubwa, ikivuta nyingi inamezwa.

Nikampelekea fundi wangu wa Mamboleo simu yenyewe aone. Akainamia boneti, akapapasa mipira, akapata ule wa PCV, unaorudisha mvuke wa ndani ya injini uvutwe tena na hewa, umepasuka kwa upande wa chini pale macho hayafiki. Mpira shilingi 350, kazi 300. Tukafuta namba, trimu ikarudi karibu na sifuri, taa haijawaka tena. Siku hizi nikifika ananiambia "boss, lete simu kwanza."

Ukipata P0302, silinda ya pili haichomi vizuri, usikimbilie kununua koili, ile inayotoa umeme wa kuwasha plagi. Hamisha koili ya pili iende ya tatu, ufute, uendeshe. Ikirudi P0303 koili ndiyo imekufa, ikibaki P0302 angalia plagi ama injekta. Na taa ikiwaka na kuzima-zima usiendelee kukanyaga, petroli isiyochomeka inaenda kuunguza kitalisti, kile cha kusafisha moshi kwa egzosi, na hiyo bei yake unaijua.

Ubaya uko. Hii yangu haisomi ABS ya breki wala airbag, ni injini tu. Ukiiacha imechomekwa gari ikilala siku kadhaa inaweza kunyonya betri, toa. Na sheria ya kulazimisha OBD2 kuanzia modeli za 1996 ilikuwa ya Marekani, kwa hivyo gari ya zamani iliyotengenezewa soko la Japani inaweza kuwa na soketi na bado isijibu, mwambie muuzaji mjaribu kwa gari yako hapo nje kabla hujatuma pesa.

Kingine, usifute namba kabla fundi hajaona. Pamoja na namba gari huwa inahifadhi hali ilivyokuwa taa ikiwaka, kasi, joto la injini, mizunguko, na ukifuta hayo yote yanaenda. Piga skrinshoti kwanza.