Kampeni mtandaoni: matangazo ya Facebook au makundi ya WhatsApp?

WhatsApp inaonekana ya bure, lakini mtu wa kujibu maswali ya wapiga kura usiku lazima alipwe. Facebook hukata pesa tangazo linapoonekana. Bajeti ikiisha, umetoweka.

Mvutano wenyewe uko kwenye kufika kwa ujumbe. Facebook hukuruhusu kuchagua eneo na umri, ila tangazo la siasa hutaja aliyelilipia na hubaki miaka 7 kwenye maktaba ya matangazo iliyo wazi kwa umma (wapinzani watalisoma, usijidanganye). Katika Umoja wa Ulaya, Facebook hailipokei tena tangu Oktoba 2025. WhatsApp haina mlinzi wa aina hiyo, na ujumbe wa shemeji huaminika kuliko bango. Lakini tangu 2020, ujumbe uliosambazwa mno hupelekwa kwa mtu au kundi moja moja tu, na uvumi ukiingia huoni umefika wapi.

Matunzo? Tangazo hurekebishwa kwa dakika chache. Kundi lisilo na msimamizi mkali hujaa salamu za asubuhi na matangazo ya mikopo.

Mgombea asiyejulikana ningemwanzishia Facebook. Anayefahamika nyumba kwa nyumba, makundi yanaweza kumtosha, mradi ana watu wa kuyasimamia.