Programu ya kulipia kila mwezi: kazi yangu, ufunguo wao

Programu yenyewe, hii ya kutengenezea kadi na picha ninayoilipia kila mwezi, ni nzuri, hilo sibishi. Inamtoa bi harusi kwenye picha safi kabisa, hata nywele hazibaki na ukungu, na mafundi wengi wa steshenari wanaotengeneza kadi watakuambia hawajaona inayoifikia. Ningeandika maoni haya mwezi uliopita ningeipa nyota nne bila kufikiri.

Ila juzi hapa, jioni, shangazi wa bi harusi amekaa kwenye benchi dukani anasubiri kadi za mchango, zile ambazo zikichelewa wachangiaji wanapata sababu. Nafungua faili. Haifunguki. Naambiwa malipo ya mwezi hayakupita, nilipie ndipo niendelee. Na pesa ilikuwepo kwenye simu! Kadi ya kulipia mtandaoni ndiyo iliyokataa, kwa sababu wanazozijua wao. Haya, ninyimeni kuchora kitu kipya, mna haki. Lakini hata kuifungua kazi niliyoimaliza jana? Nilikuwa nabadilisha namba ya simu ya mweka hazina tu!

"Kwa hiyo fundi, kadi zetu zipo au hazipo?"

"Zipo shangazi, ila hazifunguki."

Alinitazama kama tapeli, na simlaumu.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Kwanza likanijibu roboti, likaniita rafiki. Baadaye akaja mtu, au roboti lenye adabu zaidi, akanishauri nijaribu kadi ya benki nyingine. Nikamwambia basi niuzieni, nilipe mara moja, iwe yangu. Akajibu utaratibu huo haupo tena, akaweka na kikatuni cha tabasamu, kisha akaanza kunipigia debe kifurushi cha juu, chenye nafasi kubwa zaidi ya kuhifadhi kazi zangu. Kazi zipi? Hizo mlizozifungia?

Mama yangu alinunua cherehani kabla sijaanza shule, na hakuna mtu wa kiwandani anayeizima mwisho wa mwezi. Mimi mwenyewe kwenye kompyuta ya kaunta nina Office ya 2007, ya CD. Microsoft waliacha kuihudumia mwaka 2017, lakini inaandika barua za watu za kuomba kazi mpaka leo, wala haijawahi kuniuliza nimelipa lini. Wapo wanaosema ndiko dunia inakokwenda. BMW nao mwaka 2022 walikuwa wanatoza kwa mwezi joto la viti katika baadhi ya nchi, na vifaa vyake vimo tayari ndani ya gari la mtu! Wateja wakapiga kelele, mwaka uliofuata wakaachana nayo. Kumbe wakipigiwa kelele wanasikia.

Na msiniambie bei ya mwezi ni ndogo. Inakatwa kwa dola, mimi nalipwa kwa shilingi, tena na watu wa "nitamalizia kesho." Kwaresima ikiingia, au Ramadhani, harusi zinakauka. Wao hawajui Kwaresima wala Ramadhani, tarehe ikifika wanakata.

Shangazi nilimtengenezea kadi upya kwa Inkscape, programu ya kuchorea ambayo ni ya bure na faili zake za SVG zinafunguka kwenye programu nyingine pia. Sijaizoea, maua yalikaa upande, lakini alizichukua. Siku hizi kila kazi ikiisha naitoa na PDF, naiweka kwenye flashi. Wenzangu wa steshenari, fanyeni hivyo leo, msisubiri mteja awe kwenye benchi.

Nyota mbili, basi, kwa ajili ya picha. Hapana, moja. Nikikumbuka lile tabasamu, moja ni nyingi. Na akaunti? Nimeshailipia tena, maana Jumamosi kuna send-off na kamati imeshatoa nusu ya pesa.