Kifuniko chenye jiwe la gesi: bia asubuhi, glasi jioni

Natengeneza bia nyumbani hapa Minnesota, mwaka wa nne sasa. Kuchachusha hakunisumbui. Kilichonichosha ni kusubiri gesi ya kaboni dioksidi iingie kwenye bia: kegi (pipa la chuma) ya lita 19 ndani ya friji, nyuzi 3 za Selsiasi, regyuleta (kifaa cha kudhibiti shinikizo la gesi) kwenye psi 12, psi ikiwa kipimo cha shinikizo, halafu wiki nzima au mbili za kuitazama tu. Mwaka jana wageni walikuwa wanakuja Jumamosi, nikapandisha hadi psi 30 na kuitikisa kegi mapajani. Kila glasi ikatoka povu tupu, na bia yenyewe inauma ulimi. Siku mbili nzima nilikuwa navuta vali ya juu kupunguza gesi.

Ndipo nikanunua hiki kifuniko. Kinakaa palepale pa kile cha kawaida, kina mpira unaoshuka hadi karibu na kitako cha kegi, na mwishoni kuna kinachoitwa jiwe, ingawa ni chuma cha pua chenye vitundu vya maikroni 0.5. Gesi inatoka humo kwa viputo vidogo mno, vinavyoyeyuka ndani ya bia badala ya kukimbilia juu.

Bia niliilaza kwenye friji usiku kucha. Hilo msiliruke, kwa sababu bia ya uvuguvugu haishiki gesi vizuri hata uwe na jiwe la namna gani. Saa 2 asubuhi nilianza na psi 4, nikaongeza 2 kila saa hadi 12, nikaiacha. Saa 11 jioni nilimimina glasi ya kwanza: inanyweka vizuri kabisa. Kesho yake ilikuwa tamu zaidi, povu laini linalong'ang'ania glasi.

Kegi ya pili gesi ilikataa kupita. Nililishika jiwe kwa vidole vitupu, na mafuta ya ngozi yakaziba vitundu. Karatasi ya maelekezo haikusema neno juu ya hilo, na imenikera. Sasa nalichemsha kila mara kabla ya kulitumia, na nalishika kwa glovu safi. Pia paka maji ya sabuni kuzunguka kifuniko uone kama kinavuja. Changu kilivuja mpaka nilipobadilisha pete ya mpira.

Kama una kegi mbili tatu zinazopokezana, bia haikukaukii, usinunue. Friji itakufanyia kazi hiyo bure. Mimi nina moja, na wageni wangu hupiga simu wakiwa njiani.