Bawaba za oveni na ule utando mweusi: miezi minane ya uzoefu wangu

Bawaba za milango ya oveni zetu za mkate zimenitesa miaka. Ukipaka grisi, hata ile inayosifiwa kwa kustahimili joto, wiki haiishi imekauka na kuwa masizi magumu, na mlango unalia kila ukifunguliwa. Nimezipima kwa bunduki ya kupimia joto: pini za juu zinafika nyuzi 210 hadi 230.

Nikanunua kopo la kupuliza la kilainishi kikavu. Ndani yake mna unga wa molibdenamu disalfaidi uliochanganywa na resini. Ikikauka, unabaki utando mweusi ulioshika chuma. Nilianza kwa kosa. Nilichukua aina inayokauka kwa hewa tu, nikafuta pini kwa kitambaa chenye thina, nikapuliza. Wiki ya tatu utando ukaanza kubanduka kama ganda la kitunguu. Unga haukuwa na shida, maana huo hewani huvumilia hadi karibu nyuzi 350. Kilichoshindwa ni resini, ambayo ndiyo gundi yake, na chuma nilichokiacha kikiteleza mno, bila mikwaruzo ya kuishika.

Safari ya pili nikatafuta yenye resini ya poliamaidi-imaidi, jamii ileile inayopakwa kwenye sketi (ubavu wa chini) za pistoni za injini. Pini nilizipiga mchanga zikawa na mikwaruzo, nikaziosha kwa asetoni, na sikuzishika tena kwa mkono mtupu. Hii lazima iokwe ndipo igande. Tafadhali, si kwenye oveni ya mkate! Moshi wake haufai karibu na chakula. Mimi niliomba nafasi kwa jirani mwenye tanuri la rangi ya unga, ile inayopulizwa kwenye chuma ikiwa unga kisha ikaokwa. Ila tamaa ikaniponza: nilipuliza mikono mitatu, pini ikagoma kuingia tunduni. Utando unatakiwa uwe maikromita 10 hivi, basi. Nikachubua zote, nikaanza upya.

Huu ni mwezi wa nane, milango iko kimya. Isipokuwa bawaba moja, ambayo kijana wa zamu ya usiku aliionea huruma akaitia mafuta. Yakaungua, yakanasa unga wa ngano, kilio kikarudi.

Na kile kifuniko cha bomba la moshi, ambako bunduki ilisoma zaidi ya 400, dawa hii haikumaliza mwezi. Pale nimerudi kwenye unga mkavu wa grafaiti, naupaka kila Jumatatu kabla moto haujawashwa.